Jina Aliloshindwa Kulifuta

Saint-Dié ni mji mdogo wa bondeni, katika milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa ya leo. Bahari iko mbali nao kila upande. Mwanzoni mwa karne ya 16 ulikuwa na kanisa kubwa lenye makanoni wake, migodi ya fedha katika milima ya jirani, na mtambo wa chapa ambao ulikuwa bado mpya. Meli hazikufika huko. Zilizofika ni barua. Hata hivyo, ndiko Amerika ilikopewa jina lake, tarehe 25 Aprili 1507, katika kijitabu cha Kilatini kilichotungwa na kundi la wasomi ambao habari za Atlantiki walizipata kwa kusoma tu.

Mchora ramani wa kundi hilo aliitwa Martin Waldseemüller. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1470, karibu na Freiburg im Breisgau, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na Desemba 1490 jina lake likaandikwa katika daftari la Chuo Kikuu cha Freiburg. Alisoma kwa Gregor Reisch, mtawa ambaye kitabu chake cha mwaka 1503, Margarita Philosophica, kilijaribu kukusanya elimu yote ya vyuo vya wakati ule katika jalada moja. Wasomi wa enzi hizo walipenda kujibandika majina ya Kigiriki na Kilatini, naye akajiita Hylacomylus. Jina hilo lilimsitiri kupita kiasi. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1830 ndipo Alexander von Humboldt, msafiri na mwanasayansi wa Prussia, alipoonyesha kwamba Hylacomylus wa Saint-Dié na Waldseemüller wa Freiburg ni mtu mmoja, na kwamba kijitabu chake ndicho chanzo cha jina la Amerika. Hadi hapo watu wengi walimlaumu Amerigo Vespucci, mfanyabiashara wa Firenze, kwamba alilipachika bara jina lake mwenyewe.

Aliyemvuta Waldseemüller hadi milimani ni Vautrin Lud, kanoni wa Saint-Dié na katibu wa René II, mtawala wa Lorraine. Lud alikuwa na mtambo wa chapa na alikuwa na pesa za bwana wake. Alichokosa ni watu. Akampata Waldseemüller kwa michoro, na kwa maneno akampata kijana mmoja kutoka milima hiyohiyo, Matthias Ringmann, mshairi aliyekijua Kigiriki vizuri kuliko wenzake wote. Ringmann ni wa kupendwa kirahisi: mwaka 1509 alichapisha kitabu cha kufundisha sarufi ya Kilatini kwa mchezo wa karata, ili wanafunzi wake wajifunze huku wakicheza. Walikuwa na kazi moja kubwa mbele yao, yaani kutoa toleo jipya na sahihi la Jiografia ya Ptolemaio.

Hapo inafaa tusimame kidogo, maana bila Ptolemaio hatutaelewa kwa nini wasomi hawa walihangaika hivyo. Aliishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2 baada ya Kristo. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni orodha: majina ya mahali kwa maelfu, kila jina na namba zake mbili, longitudo na latitudo, ili mtu yeyote mwenye rula na subira aweze kuichora dunia upya. Pwani yetu imo. Ptolemaio anautaja mji wa Rhapta, bandari ya Azania, kama pwani hii ilivyoitwa zamani, ambayo wanahistoria bado wanabishana ilikuwa wapi, wengine wakielekeza kidole kwenye delta ya Rufiji. Anamtaja baharia Diogenes, aliyesukumwa na upepo kwa siku 25 kutoka pembe ya Afrika kuja kusini hadi karibu na Rhapta. Na ndani ya bara anaweka Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha maziwa ya Nile. Kusini zaidi ya hapo elimu yake inakoma, na nchi kavu inapinda kuelekea mashariki mpaka inakutana na Asia. Kwa Ptolemaio, Bahari ya Hindi ni ziwa kubwa lisilo na mlango.

Kufikia mwaka 1507 kila mtu aliyesoma alijua kwamba hilo si kweli. Bartolomeu Dias aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Vasco da Gama alipita Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498, akapewa rubani Malindi, akaondoka huko tarehe 24 Aprili na kutia nanga karibu na Calicut mwezi uliofuata. Sasa mchora ramani afanye nini? Kumtupa Ptolemaio ni kutupa vipimo vya kila mji kuanzia Gibraltar hadi Ganges, na hapakuwa na vingine vya kuchukua nafasi yake. Kumfuata neno kwa neno ni kujidanganya mchana kweupe. Waldseemüller alichagua njia ya katikati, akaieleza waziwazi: kwa nchi za kale atamfuata zaidi Ptolemaio, kwa nchi mpya atafuata ramani za mabaharia.

Ramani za mabaharia hazikuwa bidhaa ya sokoni. Wareno walizilinda, na ndiyo maana mwaka 1502 wakala wa mtawala wa Ferrara, Alberto Cantino, alilipa ducati 12 za dhahabu ili anakiliwe moja kwa siri Lisbon. Iliyomfaa Waldseemüller ilikuwa ya ukoo huohuo, kazi ya Nicolò Caveri wa Genova, iliyochorwa karibu na mwaka 1505. Kwa Asia ya mbali alitumia kazi ya Mjerumani aliyefanya kazi Firenze, Henricus Martellus.

Kwa hiyo ukifuata pwani ya Afrika Mashariki kwenye kazi za Waldseemüller, unakutana na watu wa aina mbili kwenye karatasi moja. Umbo la ufuko limetoka kwa mabaharia Wareno. Ndani ya bara bado anatawala Ptolemaio, na Milima yake ya Mwezi, na Nile yake. Wala habari hizo za ufuko hazikupatikana kwa kuuliza njia kwa adabu. Julai 1505, miaka miwili kabla ya ramani kuchapishwa, meli za Mreno Francisco de Almeida ziliiteka na kuipora Kilwa. Agosti zikaichoma Mombasa. Ndani ya msafara huo walikuwamo Wajerumani. Balthasar Springer alikuwa wakala wa nyumba ya biashara ya Welser ya Augsburg, ambayo ilikuwa imeweka fedha zake katika safari ile. Hans Mayr alikuwa katika meli ya São Rafael, na maelezo yake ya kutekwa kwa Kilwa na Mombasa ni kati ya maandishi ambayo wanahistoria wa pwani hii huyarudia kila mara. Springer alichapisha masimulizi yake kwa Kijerumani mwaka 1509, na Hans Burgkmair wa Augsburg akayachongea picha. Elimu ya dunia iliyokuwa ikipanda mto Rhine kwa barua na vitabu ilikuwa na moshi wa Mombasa ndani yake.

Katika mwaka uleule wa 1505 Ringmann alichapisha Strasbourg barua iliyovuma Ulaya nzima kwa jina la Mundus Novus. Ilisemekana ni ya Vespucci, aliyesafiri na Wareno hadi pwani ya Brazili. Baadaye ikafika Saint-Dié barua nyingine, ndefu zaidi, inayosimulia safari nne. Kanoni Jean Basin aliitafsiri kwa Kilatini. Barua hizi zina kila kitu cha kumfanya msomaji asilale: watu uchi, walaji watu, nyota zisizojulikana, nchi inayoshuka kusini hadi kwenye nyuzi 50. Pia zina uongo. Ile safari ya kwanza, inayodaiwa ilifanyika mwaka 1497, ingemfanya Vespucci afike bara kabla ya Columbus, ambaye alifika mwaka 1498. Wanahistoria wengi hawaiamini, na wengi wanaona kwamba mikono ya wachapishaji ilizipamba barua hizo. Columbus mwenyewe alikuwa amefariki Mei 1506, akishikilia hadi mwisho kwamba alifika Asia. Watu wa Saint-Dié walikuwa na barua za Vespucci mezani, na habari za Columbus hawakuwa nazo kwa kiasi hicho. Mtu huhukumu kwa ushahidi aliouona.

Basi wakaanza kazi. Ramani ya dunia ya mwaka 1507 ina karatasi 12, na ukiziunganisha unapata kitu cha ukutani chenye upana wa sentimita 233 na kimo cha sentimita 128 hivi. Kila karatasi ilihitaji ubao wake. Mchoro ulihamishiwa juu ya ubao ukiwa umegeuzwa, kushoto kulia, na mchongaji akachimba na kutoa kila kisichotakiwa kuonekana, akibakiza mistari ikisimama kama matuta membamba. Fikiria kisu kinachozunguka kila ghuba ya Ugiriki kwa namna hiyo, na ukiteleza mara moja, kisiwa kimeondoka. Majina ndiyo yaliyokuwa na tabu zaidi, kwa kuwa herufi ndogo za mbao hukatika. Mahali pengine mafundi walitoboa nafasi ndani ya ubao wakapachika vipande vya herufi za chuma. Ndipo ubao ukapakwa wino, karatasi ikalazwa juu, mtambo ukabanwa, na kazi ikarudiwa. Kwa maelezo ya Waldseemüller mwenyewe, aliyoyaandika miaka tisa baadaye, walitoa nakala 1,000. Mbao 12 mara 1,000 ni mibano 12,000 ya mtambo, bila kuhesabu karatasi zilizoharibika.

Juu kabisa ya ramani wanatazamana wazee wawili. Kushoto ni Ptolemaio, na ulimwengu wa kale pembeni yake. Kulia ni Vespucci, na ulimwengu mpya pembeni yake. Kumketisha mfanyabiashara aliye hai karibu na mwanachuoni wa Aleksandria ilikuwa heshima ya ajabu, na nadhani hata Vespucci angeona haya.

Chini yao imelala dunia nzima, nyuzi zote 360 za mzunguko wake. Ulaya, Asia, Afrika yenye ncha yake ya kusini, na tembo mmoja amesimama karibu na ncha hiyo. Magharibi kabisa kuna nchi ndefu nyembamba, ikishuka kutoka kaskazini hadi kusini, na nyuma ya nchi hiyo kuna bahari. Bahari hiyo ndiyo fumbo la ramani yote. Mwaka 1507 hakuna Mzungu aliyekuwa ameiona Pasifiki kutoka upande wa Amerika. Vasco Núñez de Balboa aliiona Septemba 1513. Magellan aliingia ndani yake mwishoni mwa mwaka 1520. Waldseemüller aliijuaje?

Wapo wanaosema palikuwa na safari ya siri iliyofutwa katika kumbukumbu. Nadharia za safari za siri zina utamu wake, lakini hapa hatuzihitaji. Vespucci alisema nchi mpya inashuka kusini kupita pale ambapo Asia ya Ptolemaio ingeweza kufika. Martellus alikuwa ameipa Asia mwisho wake upande wa mashariki. Mtu akiziweka habari hizo mbili juu ya tufe lenye nyuzi 360, nafasi inabaki katikati, na nafasi hiyo ni lazima ijazwe kwa ardhi au kwa maji. Waldseemüller aliweka maji. Alikuwa anabahatisha, ila alibahatisha kwa hesabu. Tena tunaweza kumwona akisitasita: kwenye ramani kubwa, Amerika ya Kaskazini na ya Kusini zimetenganishwa na mlango wa bahari, kwenye ramani ndogo iliyo juu, pembeni mwa Vespucci, zimeungana. Maoni mawili, karatasi moja. Pembeni, katika kisanduku cha maandishi, anawaomba wasioijua elimu hii wasiharakishe kuilaani kazi kabla hawajaielewa.

Kijitabu kilichofuatana na ramani kiliitwa Cosmographiae Introductio. Ndani yake, baada ya kurasa za jiometri na kanda za joto na baridi, kuna aya fupi inayosema kwamba sehemu ya nne ya dunia imegunduliwa na Americus Vesputius, na kwamba haionekani sababu ya mtu yeyote kukataa iitwe Amerige au America, kwa jina la aliyeigundua, hasa kwa kuwa Ulaya na Asia zilipata majina yao kwa wanawake. Mtindo huo wa kuchezea majina una harufu ya mshairi, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba aya hiyo ni ya Ringmann. Kwenye ramani yenyewe neno America limeandikwa mara moja tu, kwa herufi za wastani, kusini mwa bara jipya.

Bidhaa ilitoka haraka. Kijitabu kilirudiwa kuchapwa mwaka huohuo, Agosti. Pamoja na ramani ya ukutani waliuza pia karatasi iliyochapwa vipande vyenye umbo la majani, ambavyo mnunuzi alivikata na kuvibandika juu ya mpira ili apate tufe lake mwenyewe. Tarehe 12 Agosti 1507 abati Johannes Trithemius, mmoja wa wakusanyaji vitabu wakubwa wa Ujerumani, alimwandikia rafiki yake kwamba amejinunulia kwa bei rahisi tufe dogo na ramani, vyote vikionyesha nchi zilizogunduliwa karibuni na Vespucci. Ndivyo jambo lilivyoenea: wanunuzi hawakuinunua hoja, walinunua picha ya kupendeza, na ndani ya picha lilikuwamo neno.

Kazi kubwa yenyewe, Ptolemaio, ilikuwa inachelewa. Tarehe 5 Aprili 1507 Waldseemüller alikuwa amemwandikia mchapishaji Johann Amerbach wa Basel akimwomba amwazimie nakala ya Kigiriki iliyokuwa katika maktaba ya Wadominiko wa mji huo. Mwaka 1508 Ringmann alivuka Alpi hadi Italia akarudi na muswada mwingine, aliopewa na Gianfrancesco Pico della Mirandola. Ila Desemba ya mwaka huo René II alifariki, na pesa za Lorraine zikakauka. Mwaka 1511 Ringmann naye akafa, hajatimiza miaka 30. Kazi ikahamia Strasbourg, mikononi mwa wanasheria wawili, Jakob Aeszler na Georg Übelin, na mwaka 1513 Johannes Schott akaipiga chapa.

Toleo hilo la Strasbourg ndilo kazi ya Waldseemüller ninayoiona bora kuliko zote, ingawa ramani ya 1507 ndiyo yenye sifa. Alifanya jambo ambalo sasa linaonekana dogo: alizitenganisha zama. Ramani 27 za Ptolemaio zilibaki jinsi zilivyokuwa, kisha zikafuata 20 mpya katika sehemu yake ya pekee. Msomaji hakuhitaji tena kubahatisha kipi ni cha kale na kipi ni cha jana. Afrika Mashariki ikapata nafasi mbili ndani ya kitabu kimoja. Katika sehemu ya kale kuna Rhapta na nchi isiyojulikana kusini yake. Katika sehemu mpya kuna ramani ya kusini mwa Afrika, pwani yake imejaa majina ya bandari, na katikati karibu hakuna kitu. Naiheshimu sana nafasi ile tupu. Sebastian Münster wa Basel, aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko Waldseemüller, alichapisha ramani ya Afrika mwaka 1540 akaweka mtu wa jicho moja karibu na Ghuba ya Guinea. Ramani ya Münster iliuzwa sana. Ya Waldseemüller ina habari chache, na zilizomo zina chanzo.

Na katika toleo hilohilo la 1513 jina America halipo. Ramani ya nchi mpya ina maandishi yasemayo kwamba bara lile na visiwa vyake viligunduliwa na Columbus wa Genova kwa amri ya mfalme wa Castile. Ringmann hayupo tena kuitetea aya yake. Waldseemüller, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amesoma mengi zaidi, amerudisha haki kwa mwenyewe.

Hakuishia hapo. Mwaka 1516 alitoa ramani nyingine ya ukutani, ya karatasi 12 kama ile ya kwanza, akaiita Carta Marina. Ukiziweka mbili hizo pamoja huwezi kuamini kwamba zimetoka kwa mtu mmoja. Ya kwanza imepindwa kama moyo kufuata jiometri ya Ptolemaio. Ya pili imenyooka kama ramani ya nahodha, imesukwa kwa mistari ya dira. Kusini mwa Afrika mfalme Manuel wa Ureno ameketi juu ya dude la baharini lililotiwa lijamu, bendera mkononi. Kuna kifaru. Kuna maelezo marefu ya desturi za watu, mengi yametoka kwa wasafiri wa karibuni kama Ludovico di Varthema. Kuna hata orodha ya viungo vya Calicut pamoja na bei zake, jambo linaloonyesha wazi kwamba wanunuzi wake hawakuwa wasomi peke yao.

Katika maandishi marefu ya ramani hiyo anamgeukia msomaji na kukiri kwamba ramani yake ya awali ilijaa makosa na maajabu, na kwamba amekuja kujua kuwa iliwapendeza wachache. Ptolemaio, anasema, amepitwa na wakati mno. Safari hii amewafuata walioona kwa macho yao. Jina America halimo. Kusini panaitwa nchi mpya na nchi ya kasuku. Kaskazini, pale alipokuwa amechora bara linalojitegemea, sasa ameandika kwamba hii ni nchi ya Cuba, sehemu ya Asia. Ile bahari ya ajabu nayo imeondoka: Carta Marina inaacha nje kipande chote cha dunia ambacho hakuna shahidi aliyemletea habari zake.

Alipobahatisha alipatia, alipojihadhari akakosea. Amerika ya Kaskazini si sehemu ya Asia, na bahari aliyoifuta ilikuwapo. Balboa alikuwa ameshatia miguu yake ndani yake. Ni rahisi kumcheka. Lakini mtu asiyetoka bondeni kwake hana kipimo kingine cha ukweli zaidi ya kuuliza: nani ameona? Mwaka 1507 alikubali hoja bila shahidi. Mwaka 1516 alikataa. Mimi namwelewa zaidi huyu wa pili, ijapokuwa dunia imempa heshima yule wa kwanza.

Alifariki Saint-Dié mwaka 1520, akiwa kanoni wa kanisa la hapo. Kufikia wakati huo jina lilikuwa limeshamponyoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na nakala 1,000 zilizouzwa kutoka Strasbourg hadi Nürnberg haziwezi kukusanywa tena. Johannes Schöner, kasisi na mtengenezaji wa matufe, aliliandika America kwenye tufe lake la mwaka 1515. Peter Apian aliliandika kwenye ramani yake ya 1520. Wanafunzi walizinakili ramani za Saint-Dié kwa mkono katika madaftari yao, na mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Münster. Uhispania ililipinga kwa muda mrefu, na padri Bartolomé de las Casas aliandika kwa hasira kwamba Columbus amedhulumiwa. Mwaka 1538 Gerard Mercator alichora ramani ya dunia akaliandika jina hilo mara mbili, kaskazini na kusini, na bara zima likawa Amerika.

Ramani zenyewe zilipotea. Ramani ya ukutani haina maisha marefu: hubandikwa, hupigwa na moshi wa jiko na unyevu, huchanika, hutupwa ikija mpya. Katika karne ya 19 wataalamu walijua kutoka kwenye kijitabu kwamba ramani ya 1507 iliwahi kuwapo, na hakuna aliyekuwa ameiona. Mwaka 1901 Mjesuiti Joseph Fischer, mwalimu wa shule ya Feldkirch huko Austria, alikuwa akitafuta habari za Waskandinavia wa kale na safari zao za Greenland katika maktaba ya ngome ya Wolfegg, kusini mwa Ujerumani. Akafungua jalada kubwa la ngozi. Ndani yake palikuwa na karatasi zote 12 za mwaka 1507, na karatasi za Carta Marina pia. Jalada lilikuwa la Schöner, yuleyule wa matufe, ambaye aliziunganisha kama kitabu na kuchora juu yake mistari ya wino mwekundu ya kumsaidia kupima. Ziliokoka kwa sababu hazikuwahi kutundikwa.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliitamani ramani hiyo kwa muda mrefu. Ilikuwa katika orodha ya urithi wa taifa la Ujerumani, hivyo ilihitaji kibali cha serikali kuvuka mpaka. Ununuzi ulikamilika mwaka 2003 kwa dola milioni 10, na tarehe 30 Aprili 2007 Kansela Angela Merkel alifika Washington kuikabidhi rasmi. Imewekwa katika sanduku la kioo lililojazwa gesi ya argoni. Magazeti yaliiita cheti cha kuzaliwa cha Amerika.

Mtaalamu wa uchapaji Elizabeth Harris alikuwa ameichunguza nakala hiyo mapema, katika miaka ya 1980, karatasi yake, wino wake, na nyufa za mbao zilizoacha alama kwenye mistari. Alihitimisha kwamba nakala hii ya pekee haikuchapwa mwaka 1507. Mbao zilikuwa zimeshachakaa. Ilipigwa chapa karibu na mwaka 1516, yaani wakati uleule ambapo mchoraji wake alikuwa akiandika kwamba kazi hiyo imejaa makosa. Mtu fulani, penye mbao na mtambo, aliona bado ina wateja. Carta Marina nayo iliuzwa, ikanunuliwa na mkusanyaji Jay Kislak, ambaye mkusanyo wake aliutoa zawadi kwa Maktaba hiyohiyo ya Bunge.